Mguu wa Mwalimu

Mkanda wa kiti cha nyuma ulikuwa umefungwa, na kitini hapakuwa na mtu.

Jambo dogo, najua. Lakini hebu fikiri kidogo: huwezi kuteremka garini ukauacha mkanda umefungwa, labda uwe umepenya chini yake kama moshi. Mwalimu wa udereva alisimama asubuhi ile mlango ukiwa wazi, kitambaa cha kufutia vioo mkononi, akautazama mkanda ulivyotanda pale, umevimba katikati kana kwamba umezunguka kiuno cha mtu mwembamba. Akaufungua. Ukarudi mahali pake polepole, bila kuruka kama ilivyo kawaida ya mikanda. Kesho yake akaukuta umefungwa tena. Keshokutwa vilevile.

"Afadhali huyu," alimtania fundi wa pancha, jirani yake. "Wanafunzi wangu mpaka niwapigie kelele ndiyo wafunge mkanda."

Fundi wa pancha alicheka, na mwalimu akacheka. Hakumwambia kwamba alipokigusa kile kiti kilikuwa na joto la mtu aliyeinuka sasa hivi.

Mtaani walimwita Hawafeli. Jina hilo hakupewa na mama yake, lilitoka ukutani: juu ya mlango wa chumba alichokifanya shule aliandika kwa rangi nyekundu WANAFUNZI WETU HAWAFELI, na ilikuwa kweli. Ndani mlikuwa na mabenchi mawili, ubao wa alama za barabarani, na meza iliyochorwa makutano ya njia nne, ambayo juu yake alisukuma vigari vya plastiki akieleza nani apite kwanza na nani angoje. Alieleza vizuri, siwezi kumnyima hilo. Kufundisha alijua. Ubaya wake haukuwa mdomoni, ulikuwa mguuni.

Gari la kufundishia huwa na pedali za ziada upande wa mwalimu, ili mwanafunzi akizubaa, mwalimu ashike breki aokoe roho za watu. Ndiyo kazi yake. Siku ya mtihani mwanafunzi hukaa kwenye usukani, mwalimu pembeni yake, na mtahini kiti cha nyuma na fomu zake mapajani. Siku hiyo mwalimu hagusi kitu. Akigusa tu, mwanafunzi amefeli. Basi huyu bwana alijinunulia viatu vya soli laini kwa ajili ya siku za mtihani. Mwanafunzi akiikaribia alama ya kusimama na mguu wake bado uko kwenye mafuta, Hawafeli alikohoa, akasogeza goti, akakanyaga. Gari likasimama kwenye mstari kwa adabu zote. Huko nyuma mtahini akaweka tiki. Mwanafunzi mwenyewe mara nyingi hakujua. Alidhani ni yeye aliyesimama.

Mchezo huo aliuita "kusukuma kidogo." Eti mtu akishapata leseni, barabara itamfundisha yaliyobaki. Mpuuzi mkubwa! Barabara ina walimu gani?

Miongoni mwa aliowasukuma alikuwamo mshonaji wa sare za shule, mama wa makamo, mcheshi, aliyenunua kigari kidogo ili asibebe tena mafurushi kichwani. Kushona alijua, kusimama hakujua. Mguu wake ulikuwa umezoea kanyagio la cherehani ya umeme, ambalo ukiliachia tu mashine inasimama yenyewe. Na gari aliliendesha hivyo hivyo: akiona hatari anainua mguu, anangoja lisimame. Mwalimu aliliona kosa hilo tangu wiki ya kwanza. Lilitaka mwezi mzima wa kumrudisha mwanzo. Akaona mwezi ni mrefu. Siku ya mtihani akamkanyagia mara tatu, na mama yule alitoka garini akicheza, akamkumbatia, na wiki iliyofuata akamletea shati alilolishona kwa mkono wake.

Wiki sita baadaye, saa nne asubuhi, jua linawaka, barabara kavu, mshonaji aliingia chini ya lori la mchanga kwenye makutano ya ghala la unga. Waliomtoa walisema mguu wake wa kulia ulikuwa umewekwa kando ya pedali, umetulia, kama wa mtu anayengoja zamu yake. Mwalimu alikwenda kutazama, akauona. Akarudi nyumbani, akanawa mikono, akala, akasifu na chakula. Walimzika Ijumaa. Jumatatu mkanda ukawa umefungwa.

Na msidhani hakuwa na cha kuogopa. Binti yake wa pekee alikuwa dereva wa gari la shule ya chekechea: watoto kumi na wanne asubuhi, watoto kumi na wanne mchana. Ni baba yake aliyemfundisha, na ni baba yake aliyekaa pembeni yake siku ya mtihani. Binti ana tabia moja tangu mdogo, ukimsemesha macho yake yanakufuata ulipo. Siku ile mtahini alimuuliza swali kutoka nyuma, naye akainua macho kwenye kioo amjibu huku akimtazama, na mbele yao kwenye kivuko cha waenda kwa miguu watu walikuwa wanavuka. Baba mtu akakanyaga. Binti hakujua kitu.

"Maskini mshonaji," alisema mezani siku ile ya mazishi. "Sijui ni shetani gani alimpitia. Maana wote Baba alitufundisha sawasawa."

Mwalimu akaomba maji ya kunywa.

Baada ya mkanda zikaja sauti. Mwanafunzi wa wiki hiyo alikuwa kinyozi, kijana mwenye mkono usiotikisika akishika wembe, lakini akishika usukani anatetemeka mpaka kofia inamshuka usoni. Saa nane mchana walikuwa wanazunguka nyuma ya soko. Kinyozi akakata kona bila kuwasha indiketa, na nyuma yao kalamu ikakwaruza karatasi. Kwaruu. Kinyozi akasahau kutazama kioo cha pembeni. Kwaruu.

"Mwalimu," alinong'ona, "nyuma kuna mtu?"

"Tazama mbele."

"Nimesikia mtu anaandika."

"Nimesema tazama mbele! Ni spring za kiti."

Harufu nayo ikaanza, harufu ya breki zilizoungua, ile chungu ya bati na mpira inayokaa kooni, wakati gari lenyewe limeamka sasa hivi na magurudumu yake ni ya baridi. Mwalimu alilipeleka kwa fundi wa magari. Fundi akafungua magurudumu yote manne, akanusa, akasema breki ni nzima kama za gari jipya, kisha akamuuliza yule aliyekaa nyuma mbona hateremki.

"Yupi?"

Fundi akatazama tena, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, akasema si kitu, ni uchovu. Siku hiyo hakutaka hata kulipwa.

Ilikuwa Alhamisi ndipo alipomwona. Gari la mwalimu lina kioo cha pili, kilichobandikwa mbele upande wake, aone yanayokuja nyuma bila kumwegemea mwanafunzi. Kinyozi alikuwa anaendesha vizuri kidogo siku ile, na mwalimu akakitupia jicho kioo aone kama kuna pikipiki, na badala ya barabara akaona magoti, magoti mawili yaliyobanana kwa heshima, na juu yake fomu, na juu ya fomu vidole virefu vya rangi ya majivu vimeshika kalamu, na akainua macho taratibu kufuata mkono, kiwiko, bega, mpaka pale panapotakiwa kuwa na uso, na pale kioo kilikuwa kimefifia kama kimepuliziwa pumzi kutoka upande wa ndani. Sauti iliyotoka haikuwa ya kutisha. Ilikuwa ya ofisini, ya mtu anayetaka kujaza nafasi iliyobaki kwenye karatasi.

"Mguu wa nani huo?"

Mbele yao kulikuwa na kivuko, na mama mmoja amebeba mtoto mgongoni ameshaingia barabarani, na kinyozi, ambaye naye alikuwa ameisikia ile sauti, ameganda mguu juu ya mafuta, na mwalimu akafanya alichokifanya maisha yake yote, akakanyaga breki yake, akakanyaga kwa nguvu zote, lakini pedali haikushuka, kwa sababu kati ya soli yake na pedali kulikuwa na mguu mwingine, mguu mtupu, wa baridi, na kupitia soli ile alivihisi vidole vyake kimoja kimoja vikijikunja, na gari likaenda, na mama yule akaruka, na khanga yake ikagonga kioo cha pembeni, na kinyozi kwa kelele yake mwenyewe, kwa mguu wake mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu aanze masomo, akashika breki.

Gari lilizimika katikati ya barabara. Nyuma kalamu ikaandika kitu kirefu.

Kinyozi alifungua mlango, akateremka, akaiacha kofia yake kitini. "Mwalimu, samahani," alisema huku anarudi kinyumenyume. "Mimi nitatembea kwa miguu mpaka nife. Sikudai kitu. Kwaheri."

Mwalimu alifika nyumbani akaegesha uani, akafunga milango ya gari yote, akaingia ndani akakaa. Mke wake alimuuliza kulikoni, akasema kichwa. Lakini mke wa mtu si mjinga. Kabla jua halijachomoza aliamshwa na mwanga mwekundu ukutani mwa chumba. Unawaka, unazima. Unawaka, unazima. Alitega sikio, hakusikia injini. Akatazama upande wa miguuni, akaona mguu wa kulia wa mumewe, aliyekuwa amelala fofofo, unakanyaga shuka, unaachia, unakanyaga, na kila ukikanyaga, taa za breki za gari lililofungwa kule uani, funguo ziko juu ya kabati, zinawaka na kuufanya ukuta wote kuwa mwekundu mpaka kwenye picha ya binti yao, na kati ya mwanga mmoja na mwingine, kwenye giza lile fupi, kuna mtu dirishani anahesabu kwa sauti ya chini, ishirini na saba, ishirini na nane, ishirini na tisa.

Akamshika mumewe bega. "Mume wangu. Amka. Umefanya nini?"

Hakuuliza "kuna nini." Aliuliza "umefanya nini." Hapo ndipo bwana yule alipolia, akamwambia habari ya viatu, ya kukohoa, ya mshonaji. Habari ya binti hakuisema.

Saa nne asubuhi mke alimleta mganga, bibi mmoja mfupi mwenye miwani mizito, mkoba begani kama mkunga. Hakupiga ngoma wala hakuchinja kitu. Aliomba kiti, akanywa chai, akasema twende garini. Akaingia mbele upande wa mwalimu, akafunga mkanda wake, akawasha ubani kwenye kisosi, akakaa kimya mpaka kioo cha mbele kikafanya ukungu. Mwalimu na mkewe walisimama nje wameshikana mikono. Walimsikia bibi anauliza jambo kwa unyenyekevu, kama mtu anayeongea na mkubwa wa ofisi, na walisikia karatasi zinafunuliwa, moja baada ya moja, kwa muda mrefu sana.

Alipotoka alikuwa anatokwa jasho.

"Si mzimu wa yule mama," alisema. "Yule amelala zake. Na huyu hakutumwa na mtu, usianze kuwashuku majirani. Wapo majini hukaa makaburini, wapo hukaa kwenye visima. Huyu hukaa penye ushahidi wa uongo. Ulikuwa unamdanganya mtahini, mahali pale pale alipokaa. Basi amekuja mtahini asiyedanganyika."

"Mfukuze, Bibi," mwalimu alinong'ona. "Nakuomba. Chochote atakacho."

"Huyu hafukuzwi, mwanangu. Huyu humaliza kazi akaondoka. Anataka kila uliyemshikia breki aambiwe. Kwa kinywa chako, si kwa barua, si kwa kumtuma mkeo. Akishaambiwa wa mwisho, atashuka."

"Ni lini mwisho?"

Bibi alimtazama juu ya miwani. "Tarehe hakusema. Ila ningekuwa wewe, ningeanza na yule anayebeba roho za watu wengi zaidi."

Mke alisikia maneno hayo, akamgeukia mumewe, na mumewe akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Walikuwa thelathini na mmoja kwenye daftari lake, walio hai. Akaanza na wa mbali, waoga wote ndivyo wanavyoanza. Alikwenda kwa dereva wa gari la gesi, akamwambia, "Ndugu yangu, siku ya mtihani wako pale kwenye mzunguko, mimi ndiye niliyeshika breki." Yule alicheka mpaka akakohoa. "Sasa? Nina miaka minne barabarani, si mzima?" Alikwenda kwa mwenye duka la dawa, ambaye aliuliza kama kuna mtu mwingine anayejua. Alipoambiwa hapana, alisema basi tuache hivyo hivyo, akamsindikiza hadi mlangoni kwa heshima. Mwalimu wa hesabu alimtukana matusi ambayo sikujua kama walimu wa hesabu wanayajua. Mjane mmoja alilia. Wa mwisho kati ya thelathini alimfungia mlango na kumjibu kupitia dirishani. Hakuna hata mmoja aliyesema: basi njoo unifundishe upya. Hata mmoja! Watu wanaijali karatasi ya leseni kuliko shingo zao, nami sijui niseme nini tena.

Lakini kila aliyeambiwa, gari lilipungua uzito. Harufu ikafifia. Kalamu ikanyamaza. Mwalimu akaanza kulala, akaanza kupiga miluzi akinyoa ndevu.

"Umemaliza?" mke alimuuliza jikoni.

"Bado mmoja."

"Nani?"

Mwalimu akaanza kunawa mikono. Mke akaweka sufuria chini.

"Usiniambie," alisema kwa sauti ndogo. "Usiniambie ni mwanangu."

"Ni mara moja tu nilimgusia breki. Anaendesha vizuri. Mwaka wa pili huu hajagusa hata ukuta."

"Kumi na wanne, mume wangu! Watoto wa watu kumi na wanne! Utamwambia leo. Leo hii, akiingia tu."

Binti aliingia saa kumi na moja, viatu mkononi, anacheka. Alikuwa na karatasi aliyochorewa na mtoto mmoja: gari la manjano, magurudumu sita, na juu yake dereva mwenye kichwa kikubwa kuliko gari. "Baba, ona, nimepata picha yangu ya leseni," alisema, akaibandika kwenye jokofu. Kisha akakaa karibu naye, akaegemeza kichwa begani mwake, akamwambia jinsi mwalimu mkuu alivyomsifu mbele ya wazazi, kwamba dereva wao hana papara, na kwamba yeye amejibu, "Nimefundishwa na Baba."

Mke alikuwa mlangoni anamkodolea mumewe macho. Mwalimu akafungua mdomo.

"Vizuri, mama," akasema. "Vizuri sana."

Akaenda kulala. Kesho yake hivyo hivyo. Keshokutwa mke alimwambia, usiposema leo nasema mimi, naye akamkumbusha masharti ya bibi, lazima kwa kinywa changu. Alilitumia sharti la jini kujifichia! Alikuwa anaogopa nini? Nitawaambia. Si kwamba binti ataacha kazi. Aliogopa kwamba binti atamtazama kwa macho mengine. Nyumba nzima, mtaa mzima, mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa bado anaamini maneno yale ya ukutani.

Siku ya nne aliamka mapema, akatoka uani, akafungua mlango wa nyuma wa gari lake. Mkanda ulikuwa umefunguka. Kiti kilikuwa baridi. Hakuna harufu, hakuna kitu, gari tupu kama siku alilolinunua. Moyo ukamruka kwa furaha, akamshukuru Mungu, akasema kwa sauti, "Ameondoka! Ameshashuka!" Na wakati huo huo gari la manjano la binti yake, lililokuwa limeegeshwa karibu na geti, likaanza kutoka, binti akimpungia mkono, na mwalimu akainua wake, na macho yake yakapita kwenye madirisha, viti vitupu, viti vitupu, viti vitupu kwa sababu watoto walikuwa bado hawajachukuliwa, isipokuwa kile kilicho nyuma ya dereva, ambacho mkanda wake ulikuwa umefungwa na kukazwa, na juu ya mkanda huo, taratibu, mkono wa rangi ya majivu ulikuwa unapanga fomu.

Alikimbia. Alikimbia na kandambili mpaka ikakatika, akaita jina la mwanawe mpaka watu wakatoka milangoni, lakini gari lilikuwa limeshaingia barabara kuu. Akalifuata kwa miguu, akalikosa kila kituo, na karibu saa nzima ikapita kabla hajarudi ndani anahema, akampita mkewe, akachukua simu.

Hapa naomba nisimame kidogo maana hasira inanipanda. Kila mwanafunzi aliyepita kwenye benchi lile aliambiwa siku ya kwanza: ukiwa kwenye usukani, simu haipo. Na ukijua mwenzio anaendesha, usimpigie. Alikuwa na bango lake. Alilibandika mwenyewe.

Akapiga. Binti hakupokea. Akapiga tena. Hakupokea, alikuwa dereva mwenye adabu, nawaambia. Mwalimu akatazama saa ya ukutani, akajua kwamba saa hizo watoto wote wamo ndani. Mke alikuwa anamvuta mkono. "Acha simu! Chukua gari umfuate! Hii saa yuko barabarani!" Akamsukuma mkewe. Akapiga mara ya tatu, na binti, akifikiri nyumbani kuna msiba, maana baba yake hajawahi kumpigia akiwa kazini hata siku moja, akapokea.

"Baba? Kuna nini? Mama mzima?"

"Mzima. Sikiliza, mwanangu."

"Naendesha, Baba. Niko na watoto."

"Najua. Nisikilize kwanza, nitasema haraka."

Neno moja tu lingetosha. Egesha. Weka gari pembeni, zima injini, kisha tuongee. Lilikuwa neno lake la kila siku, aliwaambia wanafunzi mara elfu. Lakini alikuwa amelibeba jambo lile muda mrefu mno, na sasa kwa kuwa hakuwa anauona uso wa mwanawe, likawa jepesi kulitoa, na akalitoa lote.

"Siku ya mtihani wako, pale kivukoni, hukusimama wewe. Nilisimamisha mimi. Nilikanyaga mimi. Wewe ulikuwa hutazami mbele, ungewagonga wale watu. Hukufaulu, mama. Ni mimi niliyekufaulisha."

Aliwasikia watoto wanaimba namba, moja, mbili, tatu. Alisikia pumzi ya binti yake, karibu kabisa.

"Unasema nini, Baba?" alisema polepole, na mwalimu, aliyemjua mwanawe tangu anatambaa, alijua kwamba macho yake wakati huo yameacha barabara yanamtafuta yeye.

Kisha zikaja kelele za matairi, ndefu, na watoto wakaacha kuimba.

Watoto wote kumi na wanne wako hai. Mikanda yao ilikuwa imefungwa, yeye mwenyewe aliwafunga mmoja mmoja kama kila siku. Mmoja alivunjika jino. Aliyekufa ni mzee mmoja aliyekuwa anavuka kwenye kivuko, mahali pake, kwa haki yake, mkate kwapani. Binti alishika breki, kwa mguu wake, kwa nguvu. Alama za matairi zilikuwepo barabarani, nyeusi, zimenyooka vizuri. Zilianzia upande wa pili wa kivuko, gari likiwa limeshakipita.

Na yule jini? Aliondoka. Bibi mwenye miwani aliitwa tena, akalipitia gari la manjano na la mwalimu, akasema hamna kitu, yote mawili ni safi. Wa mwisho ameshaambiwa, kwa kinywa cha aliyehusika, kama alivyotaka. Mke wa mwalimu aliuliza kwa nini aingie gari la mtoto asiye na kosa. Bibi akasema, "Alikwenda kungoja huko." Hakuongeza neno, na alikataa kunywa chai.

Mwalimu alifika kivukoni mguu mmoja na kandambili, mwingine mtupu. Mzee alikuwa ameshafunikwa. Binti alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara, mtoto mwenye damu mdomoni mapajani pake, anambembeleza kwa mkono mmoja. Hakuwa analia. Askari wa usalama barabarani alikuwa ameinama mbele yake na kitabu chake.

"Dada, simu imekutwa iko hewani," askari alisema kwa upole. "Ulikuwa unaongea?"

"Ndiyo."

"Na nani?"

Binti akainua macho, akamwona baba yake amesimama hatua chache kutoka pale, mikono imening'inia. Alimtazama muda mrefu. Mwalimu alitikisa kichwa kidogo, na mpaka leo hajui kama alikuwa anamwomba aseme au asiseme.

"Na mwalimu wangu wa udereva," binti alisema.

Askari akaandika, akauliza kama huyo mwalimu anajulikana anapopatikana.

"Ni yule pale," akasema, akamgeukia mtoto, akaendelea kumfuta damu.